Kuimudu sonona: mwongozo kamili wa kufundisha mkiwa wawili, aliyepitia na mtaalamu

Naandika hii kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni nesi, tabibu, afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha ambaye kila siku ya kliniki anaona watu walewale wanarudi na hali ileile na anatamani kuwapa kitu cha kwenda nacho nyumbani zaidi ya kidonge. Wa pili ni yule aliyepitia sonona mwenyewe, yaani ule ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu na nguvu, akatoka au bado anayo ila anaimudu, na sasa anataka kuwashika mkono wengine lakini hajui aanzie wapi. Mi niko kundi la pili. Ni fundi cherehani, niko Tanga, na nimefundisha madarasa kadhaa ya watu wenye sonona pamoja na nesi mmoja, kwa hiyo mengi humu ni yale tuliyoyafanya yakakubali na mengine ni yale yaliyotukataa tukayabadilisha.

Kwanini muwe wawili

Nesi wangu anajua vitu ambavyo mi sivijui na sitavijua: dawa ipi haichanganywi na ipi, mtu akipungukiwa damu anavyochoka mpaka unadhani ni sonona, mtu akianza kulala masaa mawili tu huku anaongea harakaharaka na kugawa hela ovyo maana yake nini. Mi najua vitu ambavyo yeye hajavipitia. Najua kwamba saa kumi na moja alfajiri ndo saa mbaya kuliko zote, kwamba kupiga mswaki kunaweza kuwa mlima, kwamba ukiambiwa "jikaze" unanyamaza kwa kuwa huna nguvu za kumwelewesha anayekuambia. Darasani sista akisema tembeeni dakika kumi kila siku wanaitikia sawa sista na wakifika nyumbani hakuna anayetembea. Nikisema mi wiki ya kwanza nilikuwa natoka mlangoni mpaka bombani na kurudi, basi, siku nyingine nikiishia uani, watu wanainua vichwa. Halafu wanamgeukia sista kumuuliza hivi kutembea kunasaidiaje, na sasa jibu lake wanalisikiliza kwa sababu wanataka kulijua. Ndo faida yenyewe hiyo, mmoja anafungua mlango mwingine anaingiza mzigo, na kesho mnabadilishana.

Wala si jambo geni kwetu. Kwenye kliniki za CTC, zile za matibabu ya VVU, tumezoea kumkuta WAVIU mshauri, mtu anayeishi na VVU mwenyewe, anakaa na aliyepimwa leo kabla na baada ya kuonana na daktari. Kwa afya ya akili ndo tumechelewa. Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, Kate Lorig na wenzake walitengeneza mafunzo ya kuishi na magonjwa ya kudumu, ya wiki 6, saa mbili na nusu kila wiki, na yanaongozwa na wawili ambao angalau mmoja ana ugonjwa wa kudumu yeye mwenyewe. Sisi ratiba yetu tumeiegemeza hapo. Na jirani zaidi kuna Harare, ambako Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Amesimulia mwenyewe kwamba kilichomsukuma ni kumpoteza mgonjwa wake ambaye familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali. Utafiti wao uliotoka 2016, watu 573 kwenye kliniki 24, ulionyesha baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona ni kama 14 kwa kila 100 kwa waliokaa benchini, na kama 50 kwa kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Angalia lakini: wale bibi hawakuachwa peke yao. Walifundishwa, walisimamiwa, na kulikuwa na mtu wa kumpelekea mgonjwa pale mambo yakiwazidi. Ukichukua nusu ya kwanza ukaacha ya pili unamwumiza bibi na unamwumiza mgonjwa.

Hatua ya kwanza: kaeni wawili kabla hamjamwita mtu yeyote

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo inayovunja madarasa. Kuna semina moja, kabla sijaanza kazi hii, niliitwa "nije kutoa ushuhuda". Nikapewa dakika kumi, nikaeleza jinsi nilivyokaa miezi kitandani, wakapiga makofi, nikapewa soda, wataalamu wakaendelea na mada zao na posho zao. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejichokonoa kidonda halafu nimeachwa nacho. Sikulala siku mbili. Kwa hiyo nasema kwa moyo wote, aliyepitia asiwe kielelezo. Ni mwalimu. Anapanga somo, anafundisha somo, anajua wiki ijayo kuna nini, na jina lake linaandikwa kwenye ratiba sawa na la mtaalamu.

Tengeni jioni mbili, mkae na daftari, na muongee haya mpaka yaishe. Anzeni na hela, manake ndo inayoonewa aibu. Kama kuna posho, aliyepitia analipwa kiasi gani na nani anasaini? Kama hamna posho kabisa, basi wote hamna, na nauli ya aliyepitia inatoka wapi? Mtaalamu analipwa mshahara saa hizo anazofundisha, mwenzake amefunga duka. Sisi tulikubaliana nauli na mlo wa mchana vitoke mfuko wa kituo na tuliandika.

Halafu siri. Yanayosemwa darasani hayatoki, hiyo kila mtu anaijua, ila kuna yanayotakiwa kutoka: mtu akisema anataka kujiua, akisema anamdhuru mtoto au anadhuriwa, aliyepitia anamwambia mtaalamu siku hiyohiyo, haisubiri kesho. Na darasa zima linaambiwa hivyo siku ya kwanza kwa lugha nyepesi, ili mtu asije akaona amesalitiwa. Upande wa pili, mtaalamu naye haruhusiwi kutoa ya kwenye faili. Kama nesi anajua mama fulani ana VVU, mi sina haki ya kujua mpaka huyo mama aniambie mwenyewe.

Dawa. Hapa mi na sista tuligombana kweli. Mi niliacha dawa moja zamani kwa sababu ilinilaza mchana kutwa, na nilitaka kulisema hilo darasani. Yeye aliogopa watu watazitupa zao. Tulikaa kama masaa mawili hapo. Tukamaliza hivi: nasema dawa ile ilinilaza, nasema nilirudi kwa daktari nikabadilishiwa, sisemi jina lake, sisemi dozi, wala simwambii mtu yeyote aanze, aache au apunguze. Swali lolote la dawa namgeukia sista hapohapo mbele ya watu. Yeye naye hasemi "dawa hazina shida". Anasema shida zake ni hizi na hizi na ukizipata uje. Tangu hapo hatujagongana tena, na watu wanaleta maudhi ya dawa mapema kabla hawajaziacha kimyakimya.

La mwisho, mkae muulizane: sonona ikirudi kwa aliyepitia itakuwaje? Msione haya. Mi nimeandika dalili zangu tatu za mwanzo: naacha kunyoa ndevu, sipokei simu za dada yangu, na nakaa na nguo ya mteja mkononi nusu saa sijashona hata mshono mmoja. Sista anazo. Akiziona ananiambia, napumzika darasa moja au mawili, nafasi yangu inabaki yangu, na yeye haniongezi kwenye orodha ya wagonjwa wake kwa sababu hatuwezi kuwa wafanyakazi wenza na mgonjwa na nesi kwa wakati mmoja. Nina tabibu wangu sehemu nyingine. Hilo la mwisho naomba mlizingatie sana.

Hatua ya pili: watu, mahali na saa

Nane mpaka kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo wale wakimya wanapotea, na kwenye sonona wakimya ndo wengi.

Mtaalamu aonane na kila mmoja kivyake kwanza. Atumie dodoso la PHQ-9, lile la maswali 9 lenye alama 0 mpaka 27, lipo kwa Kiswahili. Kumi na kuendelea kunaonyesha kuna sonona ya kushughulikiwa, ishirini na kuendelea ni kali. Ila alama pekee hazitoshi, aulize na mambo ya mwili: damu, tezi ya shingo, kisukari, VVU, kama amejifungua karibuni, pombe, vidonge vya usingizi vya duka la dawa. Na aulize kama kuna kipindi mtu alikuwa juu kupita kiasi, hana usingizi na hahitaji usingizi, mana huyo dawa za sonona zikitolewa bila uangalifu zinaweza kumrusha huko tena. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mwenye mpango wa kujiua sasa hivi, huyo darasa si mahali pake kwa leo, anahitaji huduma ya peke yake kwanza, atakuja msimu ujao.

Aliyepitia naye aonane nao, hata kwa dakika kumi, bila dodoso. Kazi yake ni kujibu swali moja ambalo hawamuulizi nesi: "Hapo ndani kukoje?"

Mahali pasiwe na bango la afya ya akili mlangoni. Sisi tunatumia chumba cha kliniki ya mama na mtoto siku ambayo hakuna kliniki, watu wanaingia bila kuonekana wanaingia wapi. Viti viwe duara, na nyie wawili msikae pamoja wala msikae mbele, kaeni kila mmoja upande wake wa duara mtazamane. Saa tumeweka saa nne asubuhi. Asubuhi sana hawaamki, jioni wana watoto na biashara.

Kuhusu maneno: msianze na neno sonona. Ndo neno la mabango ya kliniki na hata mi nalitumia humu, ila sijawahi kusikia mtu anaingia mlangoni akasema sista nina sonona. Wanasema nawaza sana, kichwa kinawaka moto, mwili kama umepigwa, usingizi unakatika saa tisa za usiku haurudi, sina hamu na kitu. Wanaume ndo kabisa, wanakuja na mgongo au wanakuja na pombe. Mtu akisema amerogwa au ana mashetani msibishane naye, muulize usingizi ukoje na anakula nini. Anayesomewa dua asomewe, anayeombewa kanisani aombewe, asiache dawa tu na asiache darasa.

Hatua ya tatu: wiki sita zenyewe

Wiki ya kwanza ni maneno yao. Aliyepitia anaongoza, anauliza mwili unafanyaje, kichwa kinasemaje, umeacha kufanya nini, na kila kinachosemwa kinaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani vilevile kilivyosemwa. Dakika ishirini za mwisho ndo mtaalamu anasimama, anaonyesha ukuta, anasema haya yakikaa pamoja karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi yana jina, yanawapata matajiri na maskini, na yanatibika. Halafu anachora duara: unaacha kufanya vitu kwa sababu huna nguvu, ukiacha unakosa raha na watu, ukikosa hivyo unazidi kukosa nguvu. Ndo duara tunalokuja kulikata wiki zinazofuata, tena tunalikata pale pa kufanya, manake hamu ukiisubiri haiji.

Wiki ya pili ni mpango wa wiki, na kama mtakuwa na muda wa kufundisha kitu kimoja tu kwenye maisha yenu fundisheni hiki. Kila mtu anasema kitu kimoja anachotaka kufanya yeye (asichoambiwa), kisha kinakatwa mpaka kijulikane ni nini, kiasi gani, lini na mara ngapi. Mwisho anaulizwa kutoka 0 mpaka 10 ana uhakika kiasi gani atakifanya. Chini ya 7 mpango unarekebishwa, mtu mwenyewe hagombezwi.

Kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, alikuwa ameacha biashara tangu Ramadhani. Mpango wake wa kwanza alisema, "Nitarudi kazini." Nikamwambia mama, wiki hii hii? Akatazama chini. Nikamuuliza ukitaka kupika vitumbua unaanza na nini, akasema si naloweka mchele. Vikombe vingapi? Viwili. Lini? Jumatano na Ijumaa baada ya Isha. Kwenye kumi una uhakika ngapi mama? "Tano mwanangu." Hapo sista alitaka kumtia moyo, nilimwona, nikamkonyeza akaacha. Nikauliza kitu gani kinaifanya isifike saba. Kimya. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mchele wenyewe sina." Dada mmoja pembeni yake akasema mi nina kilo nitakukopesha utanirudishia. Kuna mtu akacheka, na yule mama naye akacheka. "Nane," akasema.

Wiki iliyofuata alikuja uso umemshuka. Jumatano aliloweka, Ijumaa hakuweza kuinuka. Mtu ambaye hajafundishwa hapa anakimbilia Ijumaa, anauliza imekuwaje, au anamfariji usijali mama. Mi niliuliza Jumatano ilikuwaje. Akasema alisaga, akatia nazi na iliki na hamira, akafunika, asubuhi akapika kumi na mbili tu za nyumbani, na harufu ya iliki ilivyopanda mtoto wake mdogo akatoka chumbani akasema mama leo kuna vitumbua. Ndo kwanza sista akaingia, akarudi kwenye lile duara la ukutani akaweka kidole pale pa kufanya, akasema hapa mama ameshakata. Mi ningeweza kulisema hilo, lakini likitoka kwake lilikuwa na uzito mwingine, na yeye asingejua kuuliza habari ya Jumatano. Mpango wake wa wiki ya tatu ulikuwa Jumatano peke yake.

Wiki ya tatu inaanza na taarifa za mipango (kila wiki inaanza hivyo, dakika thelathini, msizikate) halafu usingizi na mwili. Mtaalamu anafundisha: saa ya kuamka iwe moja hata kama umelala vibaya, mchana usilale zaidi ya nusu saa, chai na kahawa ziishe mchana, pombe inaleta usingizi halafu inauvunja. Aliyepitia anafundisha zile saa za alfajiri. Mi nawaambia nilichofanya: usibishane na mawazo ukiwa umelala chali gizani, kaa, washa taa, osha uso, shika kitu chenye kazi ya mikono. Mi nilikuwa nafumua mishono ya nguo mbovu.

Wiki ya nne ni mawazo na ni shida zenyewe. Msiwafundishe watu kwamba kila wazo baya ni uongo, manake mtu mwenye deni kwenye kikoba ana deni kweli. Tenganisheni mafungu mawili. Deni ni shida, linatatuliwa kama shida: liandike, taja njia zote hata za ajabu, chagua moja, ifanye mpango wa wiki. "Mi sifai, wangekuwa na raha nisingekuwepo" hilo ni wazo, linaulizwa maswali: ushahidi uko wapi, ungemwambiaje dada yako akisema hivyo? Hapa darasa lenyewe linafundisha kuliko nyie.

Wiki ya tano, dawa na watu wa nyumbani. Kila mtu alete anayemwamini kama anataka. Sista anaongoza karibu saa nzima. Anasema dawa kama fluoksetini na amitriptilini hazifanyi kazi kama panado, zinachukua wiki 2 mpaka 4 na wakati mwingine zaidi ndo uone nafuu, na kibaya ni kwamba maudhi yanatangulia, kichefuchefu, mdomo kukauka, usingizi, kwa hiyo wiki ya kwanza unaweza kuona umelipa na mzigo hujapata. Ukipata nafuu usiache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ulisema kufikiria kuacha baada ya kukaa miezi 9 mpaka 12 bila dalili, na inapunguzwa taratibu kwa maelekezo ya aliyekuandikia. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua, hivyo kwa mtu aliyewahi kufikiria kujiua ndugu ndo atunze dawa na zitolewe chache chache. Ndugu nao wafundishwe nini cha kusema. Mi nawapa maneno matatu tu ya kubadilisha "jikaze": "Nipo hapa," "Umekula?" na "Twende wote."

Wiki ya sita ni karatasi ya kurudi kwa ugonjwa, nitaieleza chini.

Hatua ya nne: kugawana sakafu bila kukanyagana

Kisa cha aliyepitia kisizidi dakika tatu kwa mara moja, na kiwe kinajibu kitu kilichoko mezani. Kama somo ni usingizi simulia usingizi, usirudi kwenye talaka yako. Na kuna sehemu za kisa ambazo bado zinauma, hizo hazifundishiwi. Kipimo changu: nikikisimulia na usiku huo nikalala, basi kiko tayari.

Mtaalamu ajifunze kunyamaza kuhesabu mpaka kumi. Nesi wengi wamefundishwa kujibu, swali likitua tu jibu limetoka. Aulize kwanza, "Nani alishapitia hili, alifanyaje?" Na aache koti jeupe ofisini.

Wekeni ishara. Sisi mmoja akigusa kalamu ya mwenzake au akishika sikio maana yake niachie hapa. Robo saa kabla ya darasa mnagawana nani anasema nini, robo saa baada ya darasa mnakaa hapohapo na maswali mawili: nani leo ametutia wasiwasi, na wapi tumekanyagana. Msiondoke bila hiyo robo saa ya mwisho hata kama daladala inaondoka.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni aliyepitia kugeuka nesi mdogo. Anaanza kusema "mgonjwa", anaanza kuvaa na kitambulisho shingoni, anaacha kusema "sisi". Siku hiyo amepoteza kile alichokuwa nacho. Kosa la upande wa pili ni mtaalamu kumtumia mwenzake kupanga viti, kuita majina na kufuata waliotoroka. Mkiona mmoja wapo semeni wiki hiyohiyo.

Hatua ya tano: siku mtu atakaposema hataki kuishi

Itakuja. Fanyeni mazoezi kabla, mkicheza kama igizo, mmoja mgonjwa mmoja mwalimu, mpaka ulimi uzoee.

Swali linaulizwa wazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Usiseme "huna mawazo mabaya eh?" kwa sababu hapo umeshamwambia jibu unalolitaka. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, mi nilivyoulizwa mara ya kwanza nilisikia kama kuna mtu amenitua ndoo kichwani. Akisema ndiyo, mnauliza kama ana njia aliyoifikiria, kama anacho hicho kitu nyumbani, kama amepanga lini, kama alishajaribu.

Kugawana kazi ni hivi: mtaalamu anatoka naye nje, aliyepitia anabaki na darasa. Kama huyo mtu amemshika aliyepitia mkono na hataki kumwachia, watoke wote watatu na darasa lipumzike na chai. Haachwi peke yake hata kwenda chooni. Mtaalamu anapima, anaita ndugu, anapanga rufaa, na ndugu anaondoa nyumbani dawa za kuua wadudu wa mimea, dawa za panya, kamba, vidonge vilivyorundikana. Aliyepitia hambebi mtu huyu usiku kwa meseji mpaka saa nane, hata akiombwa. Anasema, "Mi nipo, na sista yupo, na leo tunakupeleka." Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure kupiga. Kwingine mtaalamu awe na namba za hospitali ya mkoa zilizojaribiwa wiki hiyo, zinazopokelewa.

Kuna na habari ya sheria, watu wanaiogopa na ndo inawafanya wafiche. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba. Darasani tunawaambia watu ukweli kwamba kusema una mawazo hayo kwa nesi si kosa, ni kuomba matibabu.

Aliyepitia naye siku hiyo asilale na mzigo. Mtaalamu ampigie simu jioni. Sista alinipigia, tukaongea dakika tano, mbili kuhusu yule mtu na tatu kuhusu mechi ya Coastal Union, timu yetu ya mpira, na nililala.

Hatua ya sita: wiki ya mwisho na miezi inayofuata

Wiki ya sita kila mtu anaandika karatasi moja. Juu, dalili zangu za mwanzo, na ziwe za kuonekana kwa macho, "nasikitika" haitoshi. Muuza vitumbua aliandika "naacha kufunga kanga ya kichwa vizuri". Katikati, vitu viwili ninavyofanya siku hiyohiyo. Chini, nani namwambia na nani ana ruhusa ya kuniambia. Asiyejua kuandika anachora au anaandikiwa na aliyekaa naye. Karatasi inabandikwa ndani ya mlango wa kabati, nakala moja inakaa kwenye faili, nyingine kwa huyo aliyepewa ruhusa.

PHQ-9 inarudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3, kila mtu peke yake na mtaalamu, alama hazisomwi hadharani hata zikiwa nzuri. Ambaye hazijashuka, au zimepanda, anarudi kwa tabibu kuangaliwa dawa na mengine, na aliyepitia amwambie waziwazi kwamba hajafeli, wapo wanaohitaji vyote viwili na muda zaidi. Kila mwezi nyie wawili mkae na mtu wa tatu anayejua kazi hii kuliko nyie, hata kwa simu. Grupu la WhatsApp la darasa linaweza kusaidia ila wekeni saa ya kufunga, sisi ni saa mbili usiku, na iandikwe juu kabisa kwamba humu si mahali pa dharura.

Msimu unaofuata, angalieni nani kwenye duara alikuwa anauliza "Jumatano ilikuwaje" kabla yenu. Huyo mwiteni, mwelezeni kazi na posho na hatari zake, mpeni wiki mbili za kufikiria, na akikataa mmwachie. Yule mama yetu amekubali. Sasa hivi anakaa na sisi zile robo saa mbili tu, ya kabla na ya baada, anasikiliza tunavyogawana, na wiki iliyopita alimwambia sista kwamba yeye sista amemjibu haraka mno mzee mmoja aliyekuja na maumivu ya mgongo.